Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara: Kuandika Hadithi za Vijana Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali ambayo wanafunzi, walimu, wazazi na waandishi wachanga huniuliza tena na tena, shuleni ninakoalikwa, dukani kwangu Iringa na kwenye simu. Nimeyapanga kimada ili usilazimike kusoma yote. Jibu moja likihusiana na jingine, nimekuelekeza.

## Kuhusu mimi

Wewe ni mwenyeji wa wapi?

Nimezaliwa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kwenye mvua nyingi na migomba inayofika hadi mlangoni. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha chai, mama akilima na kuuza ndizi sokoni. Sekondari nilisoma Mbeya mjini, nikikaa bwenini. Tangu niolewe naishi Iringa, upande wa Kihesa, na hapa ndipo vitabu vyangu vyote vilipoandikwa.

Nyumbani kwenu kulikuwa na vitabu?

Vichache. Wamoraviani walifungua misheni Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo. Juu ya hivyo tulikuwa na vitabu vya shule vya kaka zangu na magazeti yaliyofungiwa vitu dukani, ambayo niliyasoma hata kama habari ilikatikia katikati.

Kilichokuwa tele ni hadithi za jikoni. Bibi alikuwa anajua mahali pa kukatisha. Fisi akishafika mlangoni, bibi anakutuma kuni, na unakwenda mbio ili urudi usikie. Nilichojifunza kuhusu kumaliza sura ya kitabu, nilianza kujifunza pale.

Ulianzaje kuandika?

Kwa daftari la bwenini. Niliandika kisa cha msichana aliyetoroka shule akapanda treni ya TAZARA, wenzangu wakawa wanapokezana daftari kitanda hadi kitanda. Liliporudi kurasa zilikuwa zimelegea na mtu ameandika pembeni kwa penseli "endelea". Sijawahi kupata mhariri aliyenisukuma kuliko huyo, na hadi leo sijui alikuwa nani.

Una kazi nyingine?

Ndiyo. Nina duka la vifaa vya shule na fotokopi karibu na chuo. Vijana wanakuja kuchapiwa barua za kuomba kazi, wasifu, ripoti za mafunzo kwa vitendo, wakati mwingine barua ya kumwomba mjomba ada. Ukichapa barua za watu utasikia jinsi kijana anavyozungumza akiwa na shida, na jinsi anavyoficha. Sichukui maneno ya mtu kuyaweka kitabuni (soma jibu kuhusu binti wa kazi za ndani), ila sikio langu linafanya kazi muda wote. Kuhusu kama ningeweza kuacha duka, ona sehemu ya fedha.

## Kuhusu vitabu

Hadithi za vijana ni zipi hasa?

Ni hadithi zinazomlenga msomaji wa kati ya miaka 12 na 18 hivi, na mhusika mkuu mara nyingi ana umri huohuo. Lakini umri peke yake hautoshi. Riwaya ya mtu mzima inaweza kumkumbuka mtoto aliyekuwa zamani. Hadithi ya vijana inakaa ndani ya ule umri wenyewe, kabla mhusika hajajua mambo yataishia wapi. Jambo la pili ni kwamba uamuzi mkubwa anaufanya kijana. Akija padri, mwalimu au mjomba kutoka Dar akamaliza tatizo kwenye sura ya mwisho, hadithi imeporwa.

Hapa Tanzania pengo la umri huu ni kubwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto umefanya kazi nzuri tangu 1991, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kukutana na kitabu kizuri chenye picha. Akifika kidato cha kwanza, vitabu vinageuka kuwa mtihani: taja dhamira, fafanua fani, mhusika huyu anafaa kuigwa? Kijana wa miaka 14 anahitaji pia kitabu ambacho hakuna atakayemuuliza swali juu yake.

Kwa nini hadithi zako zote ziko Mbeya, Iringa na Njombe?

Kwa sababu kijana wa Makambako ameshasoma vya kutosha kuhusu foleni za Dar es Salaam na joto la Kariakoo. Nataka asome kuhusu asubuhi ya Juni ambayo maji ya bombani yanauma vidole, sweta ya shule haitoshi, na mvuke unatoka mdomoni watu wakisalimiana. Nataka aone stendi yake, viazi vya Uporoto vikipakiwa kwenye magunia, maua ya Kitulo baada ya mvua, misonobari ya Sao Hill inayokwenda mpaka macho yanachoka. Sao Hill ndiyo shamba kubwa la miti la serikali nchini, na vijana wengi wa Mufindi wamelipa ada kwa kazi za msituni. Hilo ni jambo la riwaya kabisa.

Halafu kuna barabara. Barabara kuu inayopanda Kitonga, ikapita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, inabeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 na yenye kilomita 1,860, inapita hukuhuku. Kijana anayeishi kando ya njia kama hizi kila siku anaona watu wakienda mahali asipopajua. Hamu ya kuondoka na hofu ya kuondoka zinalala naye kitanda kimoja. Mwandishi wa vijana ataomba nini zaidi?

Kijiji cha kwenye kitabu cha pili kiko wapi? Tumekitafuta kwenye ramani.

Hakipo. Nimekiweka mahali fulani kati ya Mafinga na Makambako, nikakipa kilabu cha ulanzi, kanisa la mabati na shule yenye mlingoti uliopinda. Kijiji cha kubuni kinanipa uhuru wa kuwa na mwenyekiti mwizi bila mwenyekiti wa kweli kuulizwa maswali. Miji mikubwa, barabara na milima naiacha ilivyo.

Binti aliyepelekwa Dar kufanya kazi za ndani ni mtu wa kweli?

Hili ndilo swali linaloongoza. Si mtu mmoja. Ni wengi, na ndiyo maana wasomaji wengi wanadhani wanamjua.

Kila mtu wa huku anajua inavyokwenda. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba. Kabla matokeo hayajatoka anakuja shangazi wa mbali au mama mmoja mwenye jamaa mjini, anatafuta "msichana mtulivu". Wazazi wanaahidiwa kwamba atasomeshwa cherehani. Binti anapanda basi na mfuko wa nguo, na mshahara mara nyingi unatumwa kwa mtu mwingine, kama unatumwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kuamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku, ukilea mtoto wa mwenzio, si kazi nyepesi.

Nilizungumza na wanawake waliopitia hayo, ambao sasa ni watu wazima, na kila mmoja alijua naandika kitabu. Nilibadilisha vijiji, majina, mpangilio wa matukio na kazi za waajiri. Hakuna tukio hata moja kitabuni linaloweza kumwelekea mtu mmoja. Kuna mama mmoja aliniomba nisiweke alichonieleza, sikukiweka, ingawa kilikuwa na nguvu kuliko sura yoyote niliyoandika.

Mbona wahusika wako wengi wanalelewa na bibi?

Kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye nyumba nyingi za Njombe, Makete na Iringa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati kitaifa ni asilimia 4.4. Miaka ya nyuma, kabla dawa hazijafika kila zahanati, kizazi kizima cha wazazi kilipungua na mabibi wakaanza kulea upya. Leo watu wanatumia dawa na wanaishi, na hilo nalo liko kwenye vitabu: mhusika wangu mmoja anameza kidonge chake kila saa tatu usiku, na hadithi yake inahusu mpira wa miguu.

Sitaki ugonjwa uwe ndiyo jina la mtoto. Watu walishawaandikia vijana hawa vipeperushi vya kutosha.

Kwa nini mwisho wa vitabu vyako hauna fundisho?

Walimu huuliza hili kwa upole, wazazi kwa ukali kidogo. Jibu langu ni kwamba kijana anatambua anapohubiriwa, tena mapema sana, na akishatambua anaacha kuamini hata yale ya kweli uliyomwambia. Nikimwonyesha binti aliyedanganywa na namna alivyodanganywa, hatua kwa hatua, msomaji atakuwa ameona mtego ulivyotegwa. Nikiongeza aya ya "hivyo basi wasichana tuwe makini", nimemwambia kwamba sikumwamini kuwa ana akili. Nampenda mno msomaji huyu kumfanyia hivyo.

Kwa nini ulimuua babu?

Nimepokea jumbe nyingi za hasira. Babu alikuwa akifanya kila uamuzi mgumu kwa niaba ya mjukuu, na angekuwepo, mjukuu asingevuka mto ule peke yake. Nililia nilipoandika ile sura. Simrudishi.

## Kuhusu lugha

Sekondari tunasoma kwa Kiingereza. Kwa nini unaandika Kiswahili?

Kwa sababu usiku kwenye blanketi hakuna anayesoma kwa mtihani. Kijana anacheka, anaogopa na kupenda kwa Kiswahili, au kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa. Tuzo ya Burt, iliyoanza hapa Tanzania mwaka 2008, ilizawadia vitabu vya vijana vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na ilizaa vitabu vizuri vilivyofika shuleni. Naiheshimu. Lakini msomaji wangu ni yule aliyetoka shule ya msingi ya kata akiwa anasoma Kiswahili kwa ufasaha, akaingia kidato cha kwanza na ghafla kila ukurasa ukawa kazi. Nataka asipoteze mazoea ya kusoma kwa raha katika miaka ileile ambayo kusoma kumekuwa kugumu.

Maneno ya Kihehe na Kinyakyusa kitabuni hayawachanganyi wasomaji wa mikoa mingine?

Hayajawachanganya. Bibi akiingia uani akasema "kamwene" na watu wote wakaitika "kamwene", msomaji wa Mtwara ameshaelewa kwamba ni salamu. Mtu akipokea kikombe cha chai akasema "ndaga fijo", hakuna haja ya orodha ya maana mwishoni. Nayatumia machache, kwenye midomo ya wazee na mahali pa ukaribu.

Na lugha ya mtaani?

Kidogo, kwenye mazungumzo tu. Misemo ya vijana inachakaa haraka, na kitabu kinakaa rafu miaka mingi.

## Kuchapisha na fedha

Nimemaliza mswada. Niupeleke wapi?

Kwanza uache ukae, kisha uusome kwa sauti. Baada ya hapo una njia mbili.

Njia ya kwanza ni mchapishaji. Wengi wako Dar es Salaam; Mkuki na Nyota na E&D Vision ni miongoni mwa waliochapisha hadithi za watoto na vijana. Soma vitabu vyao kabla hujatuma, uone kama chako kinafanana na wanachokipenda. Tuma sura za mwanzo, muhtasari wa ukurasa mmoja na barua fupi. Jibu linaweza kuchelewa miezi mingi, kwa hiyo anza kitabu kingine.

Njia ya pili ni kuchapisha mwenyewe. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu chako, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nyingi za kwetu huanza na 978-9976 au 978-9987. Sheria inataka pia nakala za kitabu chako ziwekwe maktaba ya taifa. Kiwandani, kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, mara nyingi kwa mafungu ya 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 130 kinaweza kukugharimu sawa na cha 144. Mpangaji wa kurasa akijua hilo mapema anakuokolea fedha. Usibanie kwenye uhariri. Jalada zuri litauza nakala ya kwanza, lakini mwanafunzi akikuta makosa kila ukurasa hatamwazima mwenzie.

Mkataba unakuwaje? Mwandishi anapata kiasi gani?

Mrabaha wa asilimia 10 ni wa kawaida, na wapo wanaopata zaidi. Swali la kuuliza ni asilimia 10 ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa Sh 10,000. Ikiwa ni asilimia 10 ya bei ya rafuni, ni Sh 1,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 unabaki na Sh 850. Lakini kama mkataba unasema ni asilimia 10 ya alichopokea mchapishaji, na duka lilipewa punguzo la asilimia 40, hesabu inaanza Sh 6,000: unapata 600, kodi inaondoka 90, unabaki na Sh 510. Neno moja kwenye mkataba limekula Sh 340 kwa kila nakala.

Dai pia kifungu kinachotaja tarehe za taarifa ya mauzo. Mchapishaji mmoja alinyamaza miaka bila kunipa taarifa, na mkataba haukuwa na tarehe ya kumbana nayo. Na angalia kifungu cha kurudishiwa haki: kitabu kikiisha na hakichapwi tena, haki zirudi kwako baada ya muda unaotajwa.

Lazima nisajili kitabu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo kiwe changu?

Hapana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili unakusaidia kuwa na ushahidi mkizozana. Kwa mtu mwenye kitabu kinachouzika, ningeshauri asajili.

Unaishi kwa vitabu?

Hapana, na waandishi wengi ninaowafahamu hawaishi kwa vitabu. Ada za wanangu zimetoka kwenye fotokopi. Vitabu vinaleta fedha kwa vipindi: shule ikiagiza nakala za klabu ya kusoma, au muhula unapoanza. Nakala nyingi nauza mwenyewe kwa njia ya mabasi. Mwalimu wa Kyela au Ludewa anatuma fedha kwa simu, mimi napeleka kifurushi stendi. Nasema hivi waziwazi kwa sababu vijana wananiuliza kama waache chuo waandike. Usiache.

Tuzo zipi zinamfaa mwandishi wa Kiswahili?

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa zawadi zake za kwanza Aprili 2023. Fuatilia matangazo yake. Ipo pia Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa kazi za Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika, maana hubadilika.

## Kwa walimu na wazazi

Kitabu chako kipo kwenye orodha ya vitabu vya shule?

Hakipo kwenye orodha ya vitabu vya mtihani. Vitabu vya kufundishia vinahitaji ithibati kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, na mchakato huo ni wa mchapishaji. Kwa maktaba ya shule au klabu ya kusoma, mwalimu ana nafasi ya kuchagua.

Mwanangu anasoma hadithi badala ya masomo. Nifanye nini?

Mzazi mwenzangu, mpangie saa, usimnyang'anye. Mtoto anayeweza kukaa na kurasa 200 bila kulazimishwa ana uvumilivu ambao baiolojia na historia zinauhitaji. Mwulize kisa kinahusu nini. Utasikia mengi anayoyafikiria kuhusu maisha yake.

Kwa nini umeandika kuhusu msichana aliyepata mimba shuleni? Huoni unawafundisha?

Wanajua tayari, wameona dawati likibaki wazi. Nilichotaka ni kuandika kinachofuata. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika mfumo rasmi. Karatasi imeruhusu, lakini kurudi kwenye darasa lenye minong'ono ni safari nyingine, na ndiyo niliyoiandika. Hakuna tukio la faragha lililoelezwa kwa undani kitabuni. Ukibaki na shaka, kisome wewe kwanza.

Utakuja shuleni kwetu?

Nikiweza, ndiyo. Naomba nauli, na angalau darasa moja liwe limesoma sura mbili. Sihitaji jukwaa, risala wala chakula cha wageni. Dakika arobaini na wanafunzi wanaouliza maswali zinatosha.

## Kwa vijana wanaoandika

Nina miaka 15. Ni mapema mno?

Hapana. Una kitu ambacho mimi natafuta kwa jasho: unajua sasa hivi inavyokuwa kuwa na miaka 15. Andika yanayotokea bwenini, kisimani, kwenye foleni ya uji. Maliza kisa kimoja kifupi kabla hujaanza riwaya ya sehemu saba.

Sina kompyuta.

Daftari la kurasa 200 na kalamu. Andika upande mmoja wa karatasi ili upande wa pili ubaki wa masahihisho. Ukishamaliza na kusahihisha, ndipo utafute wa kukuchapia, na uhifadhi nakala sehemu mbili: kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Wanaoandika kwa simu wajitumie kazi kila jioni, maana simu huibiwa stendi.

Naweza kukutumia mswada usome?

Kurasa kumi za kwanza, kupitia mwalimu wako au mzazi kama hujafika miaka 18. Nasoma wakati wa likizo ya Desemba, duka likiwa limetulia. Nitakujibu kwa kalamu pembeni mwa karatasi.

## Maswali ya pembeni

Tunaruhusiwa kuigiza kitabu chako?

Darasani na kwenye mahafali, igizeni, na nitumieni picha. Mkitoza kiingilio, au mkitaka kutengeneza filamu, tuzungumze kwanza na tuandikiane.

Nimetumiwa kitabu chako chote kwenye kundi la simu. Nifanye nini?

Usikisambaze zaidi. Kama huna uwezo wa kununua, waombe maktaba ya mkoa au mwalimu wako aniandikie; shule zisizo na fedha nimekuwa nikizipa nakala zenye jalada lililokunjika. Nafahamu kwamba kwa kijana wa kijijini nakala ya simu wakati mwingine ndiyo pekee anayoweza kuipata. Simlaumu yeye. Namlaumu aliyeiskani na kuiuza.

Kutakuwa na sehemu ya pili ya kitabu cha binti wa Makete?

Ndiyo, naiandika. Amerudi nyumbani, ana miaka 17, na mdogo wake amemaliza darasa la saba. Nikipata mchapishaji nitawatangazia walimu walioniachia namba. Babu hayumo.